Kadi Uliyoinunua Bariyeri

Keza mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamka nyumba moja, tumekunywa chai ya birika moja, tumegombana, ukatoka kwenda kusukwa bila kuniaga. Nimelisikia geti. Geti lile lina bawaba moja tu, unajua, na wewe umelibamiza kama lina nne. Lakini kesho asubuhi unapanda basi, na sitaki lile geti ndilo liwe neno letu la mwisho. Donc nimekaa hapa mezani, begi lako liko kwenye kiti mbele yangu, naandika.

Naandika Kiswahili. Kinyarwanda nimekugombezea tangu uzaliwe, na leo asubuhi nimekitumia chote kikaisha. Kiswahili ndicho tulichooana nacho mimi na baba yako, mi na changu cha Goma, yeye na chake cha Tanzania. Nilikuwa nasema mutu, yeye anasema mtu. Nasema gari iko inakuja, yeye anasema linakuja, mke wangu, gari linakuja. Amenisahihisha miaka yote ya ndoa mpaka nimekuwa mtu wa kuandika hivi. Nikiteleza usinicheke.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa vizuri na kuchagua marafiki sitayaandika. Shangazi yako Zaituni atakusimamia huko Mwanza, na mdomo anao. Mi nataka kukuambia kuhusu kitu kimoja, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambacho kimenisumbua kuliko mashamba, kuliko ushuru, kuliko ndugu wa pande zote mbili. Nataka kukuambia kuhusu kadi ya simu. Memori kadi. Najua umeshageuza macho juu.

Asubuhi umeingia na ile kadi yako mkononi, umeinunua kwa wale vijana wanaosimama karibu na bariyeri ya mpakani na trei za chaja na heleni. Haikuwa na boksi wala karatasi. Jamaa ameitoa kwenye mfuko wa shati na wewe ukapokea. Ukaniambia kwa furaha, na hili ndilo linaloniuma, kwamba ni kwa ajili yangu pia: "Mama, lete simu yako nihamishe vitu vyote kwenye kadi hii, simu yako ipumue kidogo." Ukaichukua simu pale juu ya friji. Nami nikakupokonya. Nimekupokonya kwa nguvu, kucha yangu imekukwaruza, na nimekuambia we mutoto una wazimu. Ukanitazama kama hunijui. Ukasema, "Mama, ni kadi tu."

Ni kadi tu. Hayo maneno nimeyasikia kwa wauzaji, kwa mafundi, kwa wanawake wenzangu wa bariyeri, na niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa baba yako, tena nikicheka. Sikutegemea kuyasikia humu ndani ya nyumba hii.

Sasa nikuambie kwa nini nimekupokonya. Kwenye simu ile kuna sauti ya baba yako. Moja tu. Najua unafikiri hakuna hata moja, na mpaka Pasaka ya mwaka huu hata mimi nilifikiri hivyo. Nitakuambia ilikotoka na kwa nini nimenyamaza, lakini kwanza elewa kile nilichokisikia asubuhi: mwanangu anataka kuihamisha, hakusudii kuinakili bali kuitoa huku na kuipeleka kule, kwenye kadi iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Kitu kingine. Kadi yako uliisahau juu ya friji ulipotoka na hasira zako. Nimefungua begi lako, ndiyo, nimelifungua, nimetoa kompyuta, nimechomeka hiyo kadi na kile kidude chake, na sasa naijaza. Naijaza mpaka mdomoni. Sikuwa na kitu kikubwa cha kuijazia isipokuwa zile tamthilia zako za Kikorea, basi zinaingia moja baada ya nyingine, na mimi naandika huku nikitazama ule mstari wa kijani unavyotambaa. Ikijaa nitafungua kila kipande nione. Nataka ukirudi nikuonyeshe kwamba umeibiwa. Nakiri hilo ndilo kusudi langu na sioni aibu.

Unakumbuka simu yangu ya zamani, ile nyeusi yenye ufa. Ilikuwa na nafasi mbili ndani. Ya kwanza ni ya laini. Ya pili ni ya kuchagua, ama laini nyingine ama memori kadi. Watu wa Kigali hawawezi kuelewa hilo lina shida gani. Sisi tunaolala Gisenyi na kuuza Goma tunaelewa. Upande huu unahitaji laini ya Rwanda, upande ule unahitaji laini ya Kongo, maana wateja wa Goma hawapigi namba ya nje. Sasa ile kadi ikae wapi? Inatoka.

Kila asubuhi wanawake wa karoti, wa nyanya, wa maziwa, tunasimama kando ya foleni, kila mmoja amevua heleni moja, anachokonoa simu yake kwa ncha ya heleni. Kisahani kinatoka, memori inatoka, laini ya Goma inaingia. Memori unaifunga kwenye pindo la kitenge. Jioni ukirudi unafungua pindo, unaipangusa kwa mate na kidole, unairudisha. Hakuna aliyezima simu kwanza, hakuna aliyeiambia simu kwamba nataka kutoa kadi. Nani ana muda huo na askari anakuambia songa mbele mama. Kitenge chenyewe kina udongo wa mashamba ya Bugeshi, kina maji ya karoti, wakati mwingine kina mvua. Tulifanya hivyo miaka, wote, na tulijiona wajanja.

Baba yako, unamkumbuka alivyokuwa, hakuandika ujumbe hata siku moja. Mikono yake ilikuwa na oili tangu asubuhi, kutengeneza mashine za mitumbwi pale Rubona si kazi ya vidole safi. Alishika simu kwa vidole viwili na kuongea. Siku nzima aliongea. Nimefika. Nimepata samaki, usinunue nyama. Mtoto amekula? Gari la kurudi mjini limejaa, nitachelewa. Leo nimeona ziwa limetulia nikakukumbuka. Upuuzi mtupu, na mi sikufuta hata mmoja. Simu ikajaa, nikawa navisukuma vyote kwenye kadi. Na wewe ulikuwa humo, ukisoma kitabu cha shule kwa sauti, ukiimba, ukimwita. Alikuwa anakurekodi halafu ananitumia nikiwa sokoni Goma, nisikie.

Alinikataza ile michezo ya heleni. Aliniambia kwa upole, aliniambia kwa ukali, aliniambia mbele ya wageni. Nunua kadi ya pili, alisema, nzuri, tunakili, moja ikae kabatini isitoke. Nikamwambia we tengeneza mashine zako, mi najua simu yangu. Nikamwambia ni kadi tu.

Halafu akafariki, ghafla vile, homa ya siku chache, na unajua hayo, sitaki kurudi huko. Ninachotaka kukuambia ni kwamba katika matanga yale sikuvuka mpaka, kwa hiyo kadi haikutoka kwenye simu, na kila mmoja alipolala mi niliweka simu sikioni. Nilisikia gari limejaa. Nilisikia usinunue nyama. Nikawa napata usingizi. Nilipoanza kazi tena nikaanza na heleni tena. Huo ndio ujinga wangu, Keza, na hauna maelezo. Nilikuwa na kitu kimoja duniani cha kulinda na nikakifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na karoti.

Ile siku unaijua, ulinikuta nimekaa chini jikoni. Lakini hujui ilivyotokea. Nilirudisha kadi pale bariyeri jioni, simu ikaanza kuuliza maswali. Simu ile iliuliza maswali kila siku, unataka hiki, unakubali kile, na mi nilishazoea kubonyeza ndiyo ili ininyamazie. Iliniambia kadi imeharibika, je, nataka kuitengeneza upya. Nikaona imesema kutengeneza, nikafurahi. Nikabonyeza ndiyo. Ikasema, una hakika? Nikabonyeza ndiyo tena, na mkono mwingine naita moto, pikipiki, inipeleke nyumbani. Nilipofika nikataka kumsikiliza. Ndani mlikuwa mweupe, hamna kitu.

Na hapo sijamaliza kukosea. Kama ningeitoa ile kadi saa ileile na kuifungia, ingewezekana kuviokoa vilivyokuwamo. Sikujua. Niliendelea kuitumia, nikapiga picha za karoti kuwatumia wateja, karoti hizi, karoti zile, kabichi. Nilipoipeleka kwa fundi wa mjini aliniuliza swali moja tu, kama niliendelea kuweka vitu vingine baada ya kuifuta. Nikasema picha chache. Akakaa nayo siku nzima, akanirudishia nusu ya sura yako na karoti nyingi sana. Alisema vitu vilivyofutwa huwa bado vimo ndani, vimelala, mpaka uweke kipya juu yake. Mimi nilimfunika baba yako kwa karoti kwa mkono wangu mwenyewe. Na ulipouliza, nikakujibu kwa kifupi kwamba kadi imekufa, ukalia siku mbili, hatukuongea tena habari hiyo mpaka leo. Miaka mizima, mimi na wewe, humu ndani, hakuna aliyeitaja.

Nimetazama mstari wa kijani. Umefika karibu na nusu. Kadi haijalalamika. Nasubiri.

Bon. Mtu mwenye akili baada ya hapo angejifunza. Mi nilijifunza nusu. Nikasema nitanunua kadi kubwa, niweke picha zako zote zilizobaki, za shule, za bibi yako, kila kitu. Nikaenda Goma nikakuta kadi nzuri, imeng'aa, ina namba juu sijawahi kuona kubwa namna ile, na bei ya kuchekesha. Nikafurahi. Nikaweka vyote. Simu ikaonyesha majina yote, kila picha ipo kwenye foleni yake, na mi nikafuta za kwenye simu nikalala vizuri. Baada ya majuma machache nikafungua. Picha za kwanza zikafunguka. Zilizofuata, kijivu. Kijivu, kijivu, kijivu, hadi mwisho. Kumbe ile kadi kwa ndani ilikuwa ndogo, imevalishwa namba ya uongo. Ikijaa inaendelea kusema ndiyo mama, ndiyo mama, inapokea, na vitu vinaanguka chini. Kadi iliyokufa angalau inanyamaza, ile ilikuwa inanijibu.

Nikavuka kesho yake na hasira zangu nikamkuta yule muuzaji. Hata hakuinuka. "Mama," aliniambia, "mi niliuzisha kadi, picha sikuuzisha." Wanawake wenzangu walicheka, na nilipofika kwenye kona nikacheka na mimi, halafu nikalia, na karoti sikuuza siku hiyo.

Najua utakachosema, kwamba siku hizi vitu vinakaa mtandaoni. Uliniambia hata mwaka jana. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimechoka kukujibu. Nilikuwa navyo mtandaoni, Keza. Baba yako mwenyewe alinifungulia akaunti hiyo, sehemu ya vitu ikawa inajihifadhi. Lakini aliifungua kwa laini yangu ya Goma, ndiyo niliyokuwa naitumia zaidi. Kipindi kile cha matanga sikuweka salio, baadaye kuvuka mpaka kukawa kugumu, laini ikakatwa kabla sijarudi kazini na kununua nyingine, namba wakampa mtu mwingine. Kila nikijaribu kuingia wananiambia tumekutumia namba ya siri kwenye simu yako. Wanamtumia mwanaume mmoja wa Goma. Nilimpigia. Mara ya kwanza alidhani namtongoza, mara ya pili mke wake ndiye aliyepokea. Nikaacha. Kwa hiyo weka mtandaoni, sikukatazi, lakini funga akaunti kwa namba utakayokuwa nayo ukiwa mzee, na ukifika Mwanza ukanunua laini ya kule, usiitupe ya huku.

Nilichojifunza kuhusu kadi ni kidogo na kimenigharimu sana, basi usikipuuze. Uzuri wake haupo usoni. Mi nilizitazama usoni miaka, ile inayong'aa, ile yenye rangi mbili, ile iliyoandikwa ina kasi kama ndege. Kwa kutunza sauti na picha kasi hainisaidii kitu, mi siendi popote. Nanunua mahali penye mlango na mtu ambaye kesho nitamkuta, anipe karatasi, na siku ileile naijaza yote na kufungua vyote kabla sijafuta kitu kwenye simu. Nanunua mbili, tena si za siku moja wala za duka moja, kwa sababu zikiwa ndugu zinaweza kufa kwa ugonjwa mmoja. Moja haipandi simu kabisa. Hata ile ya kabatini naitoa mara kwa mara naichomeka, nasikiliza, narudisha, kwa sababu kadi inaweza kufa ikiwa imekaa tu. Na siku kadi itakapoanza uvivu, inachelewa kufungua, inakataa kupokea kitu kipya, usiipe nafasi ya pili. Nakili kila kitu saa hiyo, halafu ndiyo ujiulize ina nini. Watu wananiona nimechanganyikiwa. Mama Karoti na kadi zake. Waache.

Haya, sasa sauti.

Baada ya kila kitu kuisha nilifikiri hivi: mtu ambaye aliongea siku nzima hawezi kuwa aliongea na mimi tu. Nikaanza kuomba. Niliwaomba wenzake wa Rubona, wale wa mitumbwi. Walinihurumia, wakatafuta, simu zao zilishabadilishwa, zilishaanguka ziwani, zilishafutwa. Nilimwomba rafiki yake dereva wa moto. Hakuna. Niliona haya kuendelea, nikaacha. Pasaka ya mwaka huu nikazungumza na shangazi yako Zaituni kuhusu safari yako, nikamwuliza tu, bila tumaini, kama kuna kitu. Akasema, "Wifi, ninayo moja. Lakini inakusema wewe."

Nikamwambia nitumie. Akasema ana miaka nayo, hafuti kitu chochote, ila hakutaka niumie. Nikamwambia Zaituni, nitumie. Akaituma. Na sikia maajabu ya kadi na simu: wiki ileile simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, haikuwaka tena. Kwa hiyo kwa siku kadhaa baba yako alikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye simu hii iliyokaa juu ya friji, na mi sikulala mpaka nilipopata kadi mbili nzuri. Moja iko kabatini. Nyingine iko kwenye bahasha hii, imefungwa kwa plasta kwenye karatasi ili isidondoke. Ni yako.

Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Huelewi hilo sasa, utalielewa. Miaka nimelia nikitaka nimsikie hata akisema gari limejaa, na sauti ninayopewa ni yake akinisengenya kwa dada yake. Na analalamikia nini? Analalamikia kadi. Nilikaa hapa mezani nikamjibu kwa sauti. Nimemjibu mara nyingi tangu Pasaka. Ninapofika pale anaposema kitenge, nasema basi, basi, nimesikia.

Nakuandikia maneno yake, ili hata kadi zote zikifa yabaki. Anasema: "Dada, shikamoo. Sisi wazima. Huyu wifi yako, dada, ananitia wazimu. Kila siku akifika bariyeri anachomoa ile kadi ya simu, anaifunga kwenye kitenge. Jioni anairudisha na udongo wake. Mambo yetu yote yamo humo, sauti ya mtoto imo humo. Namwambia tununue nyingine tunakili, ananiambia tengeneza mashine zako. Siku ikifa hiyo kadi nitamcheka, nakuapia." Hapo inasikika mashine ya mtumbwi ikikataa kuwaka. Halafu anasema, taratibu: "Hapana, sitamcheka. Atalia sana yule. Dada, ukipata nzuri huko, ya dukani, uniletee ukija. Nitamwambia nimeiokota."

Nitamwambia nimeiokota. Ili nisione kwamba ananifundisha. Mtu aliyenisahihisha kila neno, hilo moja alitaka kunifichia. Nilipolisikia mara ya kwanza sikusikia linalofuata. Ilinibidi nirudie ndipo nikakusikia wewe. Uko mbali kidogo na simu, sauti ndogo, bado unasoma primeri, nadhani ni siku moja ya likizo alipokupeleka kazini kwake. Unasema, "Baba, twende." Naye anakujibu, "Nakuja, mama. Ningoje hapo hapo." Inaishia hapo.

Nilimwuliza Zaituni kama aliitafuta ile kadi. Akaniambia aliinunua juma lile lile, dukani, kwenye boksi lake. Safari ya kuja ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu safari iliyokuja ikawa ya mazishi na hakukumbuka kadi. Iko kabatini kwake mpaka leo, haijafunguliwa.

Nimesimama kidogo, kompyuta yako imelia. Kadi yako imejaa. Ngoja nifungue.

Nimerudi. Chai imepoa. Nimefungua ile tamthilia ya kwanza, ikacheza. Nimefungua za katikati, nimefungua moja moja, nimewaona wale vijana wako wakilia kwenye theluji mpaka nimeanza kuwajua majina. Nimefungua ya mwisho kabisa. Imecheza. Hakuna kijivu. Nimeitoa kadi nikairudisha, nikafungua tena kuanzia mwisho. Inacheza yote.

Kadi yako ni nzima, Keza. Umeinunua mfukoni mwa mtu, haina boksi, haina karatasi, na ni nzima. Sijui niseme nini. Mimi nilinunua ile inayong'aa na nikala kijivu, wewe umeokota hii na inacheza. Nimekasirika zaidi ya asubuhi na hakuna wa kumgombeza. Labda ilitoka kwenye simu ya mama mwingine aliyekuwa anavuka, nayo ikadondoka kutoka kwenye pindo. Nimezifuta tamthilia zako kwenye kadi, kwenye kompyuta zipo, usipige kelele. Halafu nimeichukua simu pale juu ya friji na nikamweka baba yako kwenye kadi yako pia. Nimemnakili. Kwenye simu nimemwacha. Zote mbili ziko kwenye hii bahasha, yangu na yako, lakini ukishasoma zitenganishe, moja ikae begini na nyingine ukae nayo mwilini.

Utaikuta bahasha juu ya nguo zako. Ukirudi jioni tutakula, nitazisifia nywele zako, na sitasema neno lolote kuhusu kadi. Nitajizuia. Wewe usiisikilize hapa Gisenyi. Isikilize basi likishapita Kigali, ukiwa mbali na mimi, kwa sababu ukiisikiliza hapa utashuka, nami nitakuruhusu ushuke. Ule mkwaruzo wa kucha nisamehe.

Na ukifika kwa shangazi, kabla hujafungua begi, mwombe ile kadi iliyo kabatini. Ijaze kwanza. Ikifunguka yote, mweke baba yako humo. Ndiyo aliyoiagiza.

Mama yako, ambaye kadi yako hakuicheka.